Nauli ya Matarumbeta

Mwaka 1922 bendi ya Chuo Kikuu cha Alabama ilikuwa na sare, ilikuwa na vyombo, ilikuwa na nyimbo. Kilichokosekana kilikuwa nauli. Timu ya chuo ya futiboli ya Kimarekani ilikuwa inakwenda kupambana na Georgia Tech, na wapiga matarumbeta walitaka kuifuata. Ikabidi wapitishe bakuli kwa wafanyabiashara. Bendi ilikwenda, timu ikafungwa. Simulizi inayopendwa zaidi huko Alabama inasema kwamba baada ya mechi mwandishi mmoja wa michezo wa Atlanta alimkejeli Champ Pickens, mhitimu wa zamani wa chuo hicho: timu hamna, sasa huko kwenu mna nini? Pickens akajibu kwamba wana bendi ya dola milioni. Wapo wanaosema jina hilo lilitokana na ule mchango wenyewe, na jinsi wanamuziki walivyohangaika kuutafuta. Vyovyote iwavyo, jina liliganda. Karne moja baadaye bendi ya Alabama bado inaitwa Million Dollar Band, jina la kitajiri lililozaliwa siku za kuomba nauli.

Aprili 2012 hadithi ilijirudia, safari hii kwa tajiri. Chuo Kikuu cha Michigan kilikuwa kimepangiwa kufungua msimu dhidi ya Alabama hiyohiyo, katika uwanja wa Dallas Cowboys mjini Arlington, Texas. Kwa mechi hiyo moja Michigan ilikuwa inalipwa dola milioni 4.7. Kutoka Ann Arbor hadi Arlington ni zaidi ya kilomita 1,800, na kuipeleka bendi nzima kwa ndege ya kukodi kulikadiriwa kugharimu kama dola 400,000. Idara ya michezo ikatangaza kwamba bendi itabaki nyumbani. Kelele zilizofuata zilitoka kila upande: wahitimu, wazazi, magazeti, hata mashabiki ambao kwa kawaida huondoka kwenda kununua soseji bendi inapoingia uwanjani. Wafadhili wakajitokeza, uamuzi ukabadilishwa, bendi ikaruka hadi Texas. Alabama ilishinda 41 kwa 14.

Nyumbani, bendi ya chuo haina bei inayoonekana. Inafanya mazoezi kwenye uwanja wa chuo, wanamuziki wanalala mabwenini mwao, wanakula chakula walichokwisha kukilipia, na Jumamosi wanatembea kwa miguu hadi uwanjani. Ugenini kila tarumbeta linahitaji kiti cha basi, kitanda, sahani ya chakula na mahali pa kukaa jukwaani. Ndipo chuo kinapolazimika kusema wazi kinaithamini bendi yake kiasi gani, na mara nyingi jibu huwashangaza wenyewe wanamuziki.

Michigan angalau ilikuwa na fedha. Misimu miwili kabla ya hapo, Chuo Kikuu cha Connecticut kilipata heshima ya kualikwa kwenye Fiesta Bowl, mechi ya mwisho wa msimu iliyochezwa Januari 1, 2011 huko Glendale, Arizona, ng'ambo ya nchi. Mkataba ulikitaka chuo kinunue tiketi 17,500 na kulipia mamia ya vyumba vya hoteli, mashabiki waje wasije. Wengi hawakuja. Ongeza hapo usafiri wa timu na wa bendi, kisha mabao 48 kwa 20 kutoka kwa Oklahoma, na Connecticut ilirudi nyumbani na hasara ya zaidi ya dola milioni 1.6. Katika mechi za aina hiyo bendi haiwezi kuachwa, kwa sababu televisheni inaitaka na gwaride la mjini linaitaka. Wenye mechi hupata burudani hiyo bila kuwalipa wapigaji, na bili ya safari humfikia aliyealikwa.

Hesabu ya safari si ngumu, ila ni ndefu. Bendi ya watu 300 inahitaji mabasi sita ya abiria hamsini na ushei kila moja, na bado hujawahesabu walimu, wauguzi na watu wa vyombo. Vyombo vikubwa husafiri kwenye lori la trela linaloondoka mapema. Susafoni moja ya shaba, lile tarumbeta kubwa linalojizungusha mwilini mwa mpigaji na kufungua mdomo juu ya kichwa chake, ina uzito unaozidi kilo kumi, na bendi kubwa huwa nazo zaidi ya ishirini. Kofia ndefu husafiri ndani ya masanduku yake, na manyoya ya kofia husafiri peke yake kwenye mirija ili yasipindike. Mwanafunzi mmoja hupewa kazi ya kuyagawa manyoya hayo dakika za mwisho kabla ya kuingia uwanjani na kuyakusanya mara tu baada ya kutoka. Manyoya yaliyolowa mvua ni hasara isiyopata mfadhili.

Halafu kuna dereva, mtu ambaye hakuna shabiki anayemfikiria. Kanuni za serikali ya shirikisho zinamruhusu dereva wa basi la abiria kuendesha saa 10 tu baada ya mapumziko ya saa 8 mfululizo, na akishatimiza saa 15 kazini haruhusiwi tena kushika usukani na abiria. Mechi za futiboli ya Kimarekani huchukua zaidi ya saa tatu, na televisheni imezisukuma nyingi hadi usiku. Dereva aliyeleta bendi asubuhi huwa hawezi kisheria kuirudisha usiku wa manane, isipokuwa amekodiwa chumba akalala, au dereva wa pili amewekwa njiani kumpokea. Kwa hiyo mkuu wa bendi anayepanga safari huanza na saa ya kuanza mechi, saa ambayo mara nyingi hupangwa na kituo cha televisheni siku chache tu kabla.

Ndiyo maana bendi nyingi haziendi zote kila mahali. Kundi zima husafiri kwenye mechi moja au mbili za ugenini kwa msimu, hasa kwa mahasimu wa jirani, na mechi nyingine hupelekewa kikosi kidogo cha wapigaji wachache wanaotosha basi moja. Kuchaguliwa katika kikosi hicho ni mashindano. Katika bendi ya Ohio State, ambayo tangu 1934 hutumia vyombo vya shaba na ngoma tu, hata mwenye nafasi yake hana uhakika nayo, kwa kuwa mchezaji wa akiba anaruhusiwa kumpa changamoto katikati ya wiki na kumpokonya nafasi ya kutembea uwanjani Jumamosi.

Asili ya mambo yote haya ni jeshi. Sheria ya Morrill ya 1862 iliyotoa ardhi ya kuanzishia vyuo vya umma ilidai pia mafunzo ya kijeshi yafundishwe, na penye kwata pana ngoma. Bendi za mwanzo zilipigia gwaride la makadeti. Futiboli ilipokuja, zilihamia uwanjani na sare zake na hatua zake. Msomaji wa Mombasa, Lamu au Tanga hatashangaa. Beni ya Pwani nayo ilichota kwenye gwaride la kikoloni, ikazaa vyama vilivyoshindana kwa sare, vyeo na matarumbeta, na vyama hivyo havikuona tabu kusafiri kwenda kuwaonyesha wengine namna ya kupiga.

Kutoka kwenye kwata hadi kwenye tamasha kulikuwa na hatua chache, na nyingi zilipigwa katika majimbo ya kati ya Marekani. Mwaka 1907 bendi ya Purdue, Indiana, ilivunja safu za kijeshi na kujipanga uwanjani kuwa herufi P. Mwaka 1921 bendi hiyohiyo iliagiza ngoma kubwa kutoka kampuni ya Leedy ya Indianapolis, kubwa kiasi kwamba ikiwa juu ya kigari chake inampita mtu mrefu kwa mbali, zaidi ya mita tatu kutoka chini. Purdue huitangaza kuwa ngoma kubwa kuliko zote duniani. Texas nao wana yao, Big Bertha, iliyotengenezwa 1922 kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Chicago. Chicago ilipoachana na futiboli kubwa, ngoma ikawekwa chini ya majukwaa ya Stagg Field, mahali palepale wanasayansi walipofanyia majaribio ya nyuklia wakati wa Vita Kuu ya Pili. Baadaye iliuzwa kwa dola moja, na mkuu wa bendi ya Texas, Moton Crockett, akaikokota kwa trela hadi Austin. Bei ya ngoma ilikuwa ndogo kuliko mafuta ya safari.

Ngoma ya namna hiyo nyumbani ni fahari, ugenini ni tatizo la mlango. Septemba 2021 Purdue ilikwenda kucheza na Notre Dame huko South Bend, umbali wa saa chache tu kwa basi. Wenyeji wakasema ngoma haiwezi kuingia: njia ya wageni chini ya jukwaa ni ndogo, na njia kubwa ni ya Notre Dame wenyewe. Kwa mara ya kwanza tangu 1979 bendi ya Purdue ikasafiri bila ngoma yake. Watu wa Purdue walilalamika kwa uchungu ambao mtu wa nje angedhani ni mchezaji wao nyota aliyezuiwa. Ukweli ni kwamba wenyeji walikuwa na haki ya mlango wao. Ila kila mtu anajua kuwa mlango ungekuwa mpana kama mwenye nyumba angetaka.

Zamani ugenini ulikuwa na adabu nyingine. Oktoba 15, 1932, bendi ya Michigan ilikwenda Columbus, nyumbani kwa mahasimu wao wa Ohio State, na mbele ya umati wa wenyeji ikajipanga uwanjani kuandika neno Ohio kwa mwandiko wa kuunganisha. Ilikuwa salamu ya mgeni. Miaka minne baadaye, Oktoba 10, 1936, chini ya mwalimu wao Eugene Weigel, Ohio State waliandika neno hilohilo kwa namna yao: mstari mmoja wa watu unaotembea ukijikunja kuwa herufi, na mtu mmoja anayetoka kuweka nukta juu ya i. Wa kwanza kuiweka alikuwa mpiga tarumbeta, John Brungart. Mwaka uliofuata kazi hiyo ikapewa mpiga susafoni, na tangu hapo ni heshima kubwa kuliko zote katika bendi hiyo. Ukifika Columbus usianze mazungumzo kwa kuuliza nani aliliandika kwanza. Wenyeji watakueleza, kwa haki kabisa, kwamba kutembea ukiandika si sawa na kusimama umepangwa. Hata hivyo kumbukumbu ya 1932 ipo, na mgeni alitangulia.

Bendi ya Stanford ya California ilichagua kuwa mgeni wa aina tofauti. Haitembei kwa safu. Wanamuziki wake hukimbia ovyo kutoka mahali hadi mahali wakiwa na kofia za kila rangi, na katikati ya mechi husoma vichekesho vya kuwasema wenyeji. Mwaka 1990 huko Oregon walicheka ugomvi wa wakata miti na bundi wa msituni, katika jimbo ambalo ajira za watu zilikuwa hatarini kwa sababu ya bundi huyohuyo. Hawakualikwa tena kwa miaka mingi. Mwaka uliofuata walimvalisha kiongozi wao nguo za mtawa na kumpa msalaba aongozee muziki, katika mechi dhidi ya Notre Dame, chuo cha Kikatoliki. Notre Dame ikaipiga bendi hiyo marufuku chuoni kwake.

Lakini safari iliyoiweka Stanford katika historia ni fupi mno, mwendo wa saa moja hivi kutoka Palo Alto hadi Berkeley, Novemba 20, 1982. Zikiwa zimebaki sekunde chache, Stanford, iliyoongozwa na kijana John Elway, ilipata pointi tatu kwa teke la Mark Harmon na kuwa mbele 20 kwa 19. Wachezaji wakashangilia kupita kiasi, wakaadhibiwa, na ikabidi waanzishe mpira kutoka nyuma zaidi. Saa ilikuwa na sekunde 4. Wenyeji wa California wakaudaka mpira na kuanza kurushiana, kila anayekaribia kuangushwa akimpa mwenzake aliye nyuma, mara tano. Katikati ya vurumai hiyo wapiga bendi wa Stanford, wakiamini mchezaji mmoja alikwisha kuangushwa na mechi kwisha, wakamiminika uwanjani na vyombo vyao. Waliingia kwenye mstari uleule ambao California walitakiwa kuuvuka. Kevin Moen akapita kati ya klarineti na saksafoni, akavuka mstari, akaruka juu kwa furaha na kutua juu ya mpiga tromboni aliyeitwa Gary Tyrrell, aliyekuwa ameupa mchezo mgongo. Matokeo: 25 kwa 20. Tromboni iliyopondwa ilipelekwa kwenye makumbusho ya futiboli ya vyuo. Na kila Stanford inapokuwa na shoka la ushindi linaloshindaniwa na vyuo hivyo viwili, hubadilisha bao lililoandikwa pale lisomeke 20 kwa 19.

Waamuzi wangeweza kuiadhibu Stanford kwa watu wake wa ziada uwanjani. Hapakuwa na haja. California ilikwisha kufunga. Hakuna bendi ya wageni iliyowahi kuchangia namna hiyo katika ushindi wa wenyeji.

Wenyeji nao wana yao. Bendi ya wageni kwa kawaida hupewa pembe ya uwanja au jukwaa la juu, karibu na watu waliokuja kuichukia timu yake, na kutoka humo hadi kwenye mabasi ni lazima ipenye katikati yao. Septemba 14, 2019 bendi ya Chuo Kikuu cha Iowa ilikwenda Ames kwa mahasimu wa jimbo hilohilo, Iowa State. Radi iliisimamisha mechi kwa saa kadhaa, watu wakaendelea kunywa, na Iowa ikashinda kwa pointi moja, 18 kwa 17. Baadaye wanamuziki waliripoti kutukanwa, kusukumwa na kushikwashikwa miili, na mmoja alisema alivunjwa mbavu. Wakuu wa vyuo viwili walitoa taarifa, polisi wakaitwa, mjadala ukawa mrefu. Vijana wanaosafiri na timu wakivaa sare zinazowatambulisha kutoka mbali, mikono yao yote miwili ikiwa imeshika chombo, wanahitaji ulinzi kuliko wachezaji wenye kofia ngumu na mabega ya plastiki. Wachezaji ndio wanaosindikizwa na polisi hadi kwenye basi.

Kwa vyuo vya kihistoria vya Wamarekani Weusi, mpangilio huu wote uligeuzwa juu chini. Huko bendi haikuwa mzigo wa timu. Mara nyingi ndiyo iliyouza tiketi.

Grambling ni mji mdogo kaskazini mwa Louisiana. Chuo chake kilipata bendi mwaka 1926, wakati Ralph Waldo Emerson Jones, mwalimu kijana aliyekuja kuwa rais wa chuo kwa miaka 41, alipochukua vyombo kwa mkopo kutoka kampuni ya Sears, Roebuck. Timu ilikuja kufundishwa na Eddie Robinson kuanzia 1941 hadi 1997, mshindi wa mechi 408. Uwanja wao ulikuwa mdogo na mji hauna watu wa kuujaza. Aliyeiona njia ya kutokea alikuwa Collie Nicholson, mtu wa habari za michezo wa chuo: kama watu hawawezi kuja Grambling, Grambling iwaendee watu. Mechi nyingi zikawa za ugenini kwa makusudi, katika miji mikubwa yenye wakazi Weusi waliohama kutoka Kusini, na kila mahali timu ilipokwenda, bendi ilitangulia kwenye mabango.

Kusafiri Kusini wakati wa ubaguzi hakukuwa suala la nauli tu. Migahawa ya barabarani haikuwauzia, moteli hazikuwalaza, vyoo vya vituo vya mafuta vilikuwa na vibao. Robinson alikumbukwa na wachezaji wake kwa kuandaa mikate yenye nyama kabla ya safari, ili basi lisilazimike kusimama mahali ambapo kusimama kungeleta matusi. Kwa bendi yenye mabasi kadhaa, chakula cha njiani kilikuwa mipango ya siku nzima, na malazi yalitafutwa kwenye mabweni ya vyuo vingine vya Weusi na majumbani mwa watu.

Januari 15, 1967 bendi iliyotoka katika mazingira hayo ilipiga Los Angeles wakati wa mapumziko ya fainali ya kwanza kabisa ya Super Bowl, pamoja na bendi ya Chuo Kikuu cha Arizona. Mwaka uliofuata Grambling ilicheza na Morgan State katika uwanja wa Yankee, New York, mbele ya watu zaidi ya 60,000. Mwaka 1972 bendi ilivuka Atlantiki hadi Monrovia, Liberia, kupiga kwenye sherehe za kuapishwa kwa Rais William Tolbert. Mwaka 1976 timu na bendi vilikuwa Tokyo. Katika miaka kumi hivi, bendi ya mji usioonekana kwenye ramani nyingi ilikuwa imesafiri kuliko bendi ya chuo chochote kikubwa cha jirani kilichokuwa kimewafungia mlango wanafunzi Weusi.

Kilele cha mpango wa Nicholson ni Bayou Classic, mechi kati ya Grambling na Southern ya Baton Rouge, iliyoanza New Orleans mwaka 1974 na hufanyika Jumamosi baada ya sikukuu ya Shukrani. Vyuo vyote viwili viko ugenini. Ijumaa usiku kuna pambano la bendi, Grambling dhidi ya Southern ambao bendi yao huitwa Human Jukebox, na hapo watu hulipa kiingilio bila mpira wowote kuwapo. Jumamosi, wakati wa mapumziko, foleni za vyoo na vyakula huwa tupu. Watu huenda huko mpira ukiendelea. Aliyewahi kufukuza pikapu la matarumbeta ya harusi katika mitaa ya Dar es Salaam, huku bwana harusi akisahauliwa nyuma, ataelewa hesabu hiyo.

Lakini utamaduni huo wa mabasi umejengwa juu ya mifuko mitupu, na mwaka 2013 mifuko hiyo ilionekana. Bajeti ya jimbo kwa Grambling ilikuwa imekatwa vibaya. Wachezaji wa futiboli, baada ya kulalamikia vyumba vya mazoezi vichafu na safari ndefu mno za basi, ikiwamo ya kwenda Indianapolis, waligoma, na Oktoba 19 mwaka huo Grambling haikutokea kwenye mechi yake huko Jackson State. Magazeti ya nchi nzima yaliandika kuhusu saa walizokaa barabarani wachezaji hao. Wapiga ngoma wa vyuo vya aina hiyo wamesafiri saa kama hizo miaka yote bila gazeti kuuliza.

Na basi lenyewe ni mahali. Ni chumba kinachotembea usiku, taa zimezimwa, mwalimu yuko basi la mbele, na wenye mamlaka humo ni wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Kila bendi ina desturi za mabasi yake: nani anakaa nyuma, wimbo gani huimbwa wapi, mgeni afanye nini ili akubaliwe. Nyingi ni utani. Mwaka 2014 Ohio State ilimwondoa mkuu wa bendi yake baada ya uchunguzi kuhusu desturi za udhalilishaji wa kijinsia, baadhi zikiwa za ndani ya mabasi. Miaka mitatu kabla ya hapo, basi la bendi nyingine lilikuwa limeua.

Marching 100 ya Chuo Kikuu cha Florida A&M, FAMU, ilikuwa bendi ambayo nyingine zote za Weusi, na nyingi za Weupe, ziliiga. William Foster aliiongoza kutoka 1946 hadi 1998 na kubuni mwendo wa magoti ya juu na uchezaji uwanjani unaoonekana sasa kila mahali. Julai 14, 1989, Ufaransa ilipoadhimisha miaka 200 ya mapinduzi yake, bendi iliyoiwakilisha Marekani kwenye gwaride la Paris ilikuwa hiyo. Kuwa mwanachama kulikuwa heshima iliyobebwa maisha yote, na kwa sababu hiyo vijana walikubali kuumizwa ili waipate kikamilifu.

Novemba 19, 2011 FAMU ilicheza na Bethune-Cookman mjini Orlando, kilomita 400 na zaidi kutoka nyumbani Tallahassee, na ikafungwa. Usiku huo, katika maegesho ya hoteli, ndani ya basi lililojulikana kama Basi C, Robert Champion, kiongozi wa gwaride mwenye miaka 26, alipitishwa kutoka mbele hadi nyuma huku wenzake wakimpiga kwa ngumi, mateke na vyombo. Alikufa muda mfupi baadaye. Daktari wa serikali alisema aliuawa na kipigo. Watu zaidi ya kumi walishtakiwa, mmoja akahukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 6. Rais wa chuo alijiuzulu. Desturi ile ilijulikana. Wanafunzi wapya waliisikia kabla ya kuiona, na ilikuwa na jina.

Ukaguzi uliofuata ulionyesha jambo ambalo mweka hesabu yeyote wa safari angeweza kuliona kwenye orodha ya abiria: zaidi ya watu 100 waliokuwa wakisafiri na kupiga na bendi hawakuwa wanafunzi walioandikishwa wa FAMU. Walikuwa wameganda kundini kwa sababu hakuna aliyewauliza. Chuo kilikuwa kinahesabu vichwa vya kulipia viti na vyumba, wala hakikuuliza ni vichwa vya nani.

Bendi ilisimamishwa kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Iliporudi ilikuwa na mkuu mpya, ofisa wa kusimamia kanuni, na sharti kwamba kila mpigaji awe mwanafunzi kamili wa chuo mwenye alama zinazoridhisha. Mechi yake ya kwanza haikuwa Tallahassee. Ratiba ilikuwa imeipangia FAMU kufungua msimu na Mississippi Valley State, Septemba 1, 2013, katika uwanja wa Citrus Bowl mjini Orlando, na bendi ilipanda mabasi kwenda huko ikiwa na watu chini ya nusu ya wale wa 2011.